Naomba na glasi

Chupa ya bia ilikuwa imeshafunguliwa mbele ya macho yangu, kizibo kimerudishwa juu ya mdomo wake ili nzi wasiingie, na tishu imezungushwa shingoni. Mama mwenye nyumba aliiweka juu ya stuli, akaigeuza hadi lebo ikanitazama, akasema, "Karibu mwanangu. Kunywa."

Nikamjibu, "Ahsante mama. Samahani, naomba na glasi."

Ilikuwa tarehe 27 Desemba, Rombo, nyumbani kwa wazazi wa rafiki yangu wa kazini. Mnajua Desemba ilivyo kule. Magari yenye namba za Dar yamebanana kwenye njia za migombani, kila nyumba ina moshi wa nyama, na mtu uliyezoea kumwona na tai ofisini unamkuta kavaa gambuti anakata majani ya ng'ombe. Mimi sina kwetu Kilimanjaro. Nilialikwa tu, na nilipokewa kama binti wa mle ndani.

Mama alisimama kidogo. Kisha akasema, "Haya mwanangu, inakuja," akaingia ndani.

Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa na kufungwa. Nikasikia mnong'ono kwa lugha yao. Mlango wa nyuma ukalia, na mjukuu mmoja wa miaka minane hivi akatokeza kando ya banda la ng'ombe, akapotelea kwenye migomba, anakimbia.

Mzee wa nyumba alikuwa na chupa yake mkononi, imefunguliwa. Akaishusha taratibu, akaipumzisha juu ya goti. Waliokuwa wameketi karibu naye wakamtazama, nao wakashusha zao.

"Tumsubiri mgeni," akasema.

Zilipita kama dakika kumi. Watu waliongea habari za bei ya parachichi na barabara, na hakuna aliyekunywa. Mtoto akarudi akiwa amekumbatia kitu ndani ya khanga. Maji yakamwagika jikoni, na mama akatoka na sahani, juu yake glasi moja yenye maua mekundu. Nilipoinyanyua niliona kitakoni karatasi ya bei ya duka, haijawahi kubanduliwa.

Nikamimina. Povu likapanda. Mzee akainua chupa yake, "Haya sasa," na wote wakanywa.

Ile bia niliinywa na nikaifurahia. Siku ile sikuwaza lolote zaidi.

Katikati ya Januari, tukiwa tunakula mchana kazini, rafiki yangu akanipa salamu za kwao. Akaniambia huku anacheka, cheko la upendo kabisa: "Halafu mwenzangu, mama kanunua glasi. Alishuka mjini Mkuu siku ya soko. Anasema mgeni wetu wa Dar akirudi asihangaike tena."

"Kanunua ngapi?"

"Dazeni nzima."

Nikaweka kijiko chini.

Mwanamke hapigi tarumbeta

Tangu siku ile neno hili la glasi halijanitoka, na sasa ni wiki ya sita. Naliandika kwa sababu nimejaribu kulidharau nimeshindwa.

Mara ya kwanza kunywa bia mbele ya mama yangu mzazi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kwenye sendofu ya binti ya jirani. Nikaletewa chupa, nikaipeleka mdomoni. Mama alinigusa kiganja, hakunipiga, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mwanamke hapigi tarumbeta." Akamwita mhudumu amletee bilauri. Mama yangu ni mtu wa Muheza, na mpaka leo glasi kwake ni bilauri.

Nililishika. Miaka karibu ishirini nimeagiza bia na glasi kwa pumzi moja, kama mtu anavyoagiza chai na sukari. Na kadiri nilivyokua nikajiongezea sababu zangu mwenyewe, kwa sababu mtu hapendi kufuata jambo kwa kuambiwa tu.

Sababu ya kwanza ni bia yenyewe. Chupa ya kahawia ni chombo kizuri cha kutunzia bia. Rangi ile inaikinga na mwanga, ambao ukiifikia hopsi ndani yake, yale maua yanayoipa bia uchungu, unaleta harufu mbaya. Kunywea ni jambo jingine. Mdomo wa chupa ni mwembamba, pua inabaki nje, na gesi yote unaimeza ikakusumbue tumboni. Ukimimina kwenye glasi iliyoinamishwa, kisha ukaisimamisha kuelekea mwisho, gesi inapungua, povu linakaa juu, na ndipo unapoinusa nafaka. Hata usafi wa glasi bia inausema: ikiwa na mafuta, povu linakufa papo hapo, ikiwa safi, kila funda linaacha mkanda mweupe ukutani mwa glasi. Haya nayaamini mpaka leo, na ningeyatetea mbele ya yeyote.

Sababu ya pili ilikuwa uchafu wa chupa. Chupa zetu zinarudi kiwandani, zinaoshwa kwa maji moto yenye kostiki soda, zinajazwa tena. Zikitoka pale zinapanda lori ndani ya makreti ya wazi, zinapigwa vumbi, zinalala stoo ambazo hakuna ajuaye panya wamepita wapi. Nilikuwa nasema hivi kwa uhakika mkubwa, hadi nilipokaa nikakiangalia kizibo vizuri. Kile kizibo chenye meno 21, ambacho William Painter wa Baltimore alikipatia hataza mwaka 1892 kikiwa na meno 24, kimevishwa juu ya mdomo wa chupa kama kofia. Sehemu ile hasa unayoiwekea midomo ndiyo iliyofunikwa tangu kiwandani. Ukipangusa shingo na ile kutu inayobaki wakati mwingine, huna hoja kubwa iliyobaki.

Na pale Rombo palikuwa na tishu. Mama alikuwa ameshapangusa.

Sababu ya tatu sikuwahi kuitamka. Glasi iliniambia kwamba mimi ni mtu wa namna fulani.

Glasi ya baa

Kwenye baa glasi haina uzito wowote, na nadhani hapo ndipo nilipojifunzia kutouona uzito wake kwingine. Mhudumu anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Akikuona ni mwanamke anakuja na glasi bila kuombwa, kaipindua juu ya shingo ya chupa, imening'inia. Anaonyesha chupa, "Nifungue?" Unaitikia kwa kichwa, opena inalia, kizibo kinarudishwa juu. Meza ya wanaume jirani inaletewa chupa peke yake bila glasi, na mwanamume akiomba glasi wenzake wanamuuliza kama anaumwa. Nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wakiirudisha glasi kwa sababu ya swali hilo moja, na nikawahurumia.

Sitaki nidanganye kwamba wanawake wote tunaifurahia. Mdogo wangu anakunywa kwenye chupa na atakunywa kwenye chupa hata harusini kwake. "Glasi ina mdomo mpana, dada," aliniambia. "Chupa naiziba kwa kidole gumba." Anaogopa kuwekewa dawa kwenye kinywaji, na hofu yake si ya kubuni, kila msichana anayetoka usiku mjini ameshahadithiwa kisa. Ndiyo maana chupa inafunguliwa mbele yako, na ikifunguliwa ukiwa msalani huigusi tena, unaagiza nyingine. Kwa hiyo mama alinipa glasi ili nionekane nimelelewa, na mdogo wangu ameikataa ileile ili arudi nyumbani salama. Sijui nani nimwambie amekosea.

Kuna mhudumu mmoja tuliyezoeana, kwenye baa ya mtaani kwetu niliyokuwa nikipita Ijumaa. Siku moja wateja walikuwa wachache, akaketi pembeni yangu akaniambia mambo ya glasi upande wao. Zinaoshwa kwenye ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Jioni yale maji ni safi. Kufika saa nne usiku, watu wamejaa, hakuna wa kwenda kuyabadilisha. Na ikivunjika glasi, hata aliyeivunja akiwa mteja, inakatwa kwenye mshahara wa mhudumu. "Dada, mteja akiniambia anakunywa hivyohivyo kwenye chupa, mimi moyoni nashukuru."

Tangu aniambie hivyo naomba glasi kabla chupa haijafunguliwa, pamoja na oda yenyewe, asirudi kaunta mara mbili. Naiinua kwenye mwanga kwanza. Nikiona mafuta nakunywa kwenye chupa na nanyamaza. Nikimaliza naisogeza katikati ya meza, mbali na viwiko. Chupa nazo naziacha palepale zilipo, kwa sababu ndizo hesabu yake. Akija kufunga bili anazihesabu kwa kidole.

Baa nimeimaliza. Haikuwa ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kata iliyonipitia

Usingizi niliukosa mwaka huu kwa sababu ya jambo nililolikumbuka nikiwa kwenye daladala, nimesimama, nimeshika bomba.

Siku ileile, saa moja kabla ya bia, tulikunywa mbege, pombe ya ndizi ya kule.

Mama alikuwa ameipika mwenyewe na alinieleza kila hatua kwa fahari: ndizi zilizoiva zinachemshwa muda mrefu na kuachwa zikae, ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa na kupikwa uji, na gome la msesewe ndilo linaloleta ule uchungu. Ikaletwa kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea. Akaonja yeye kwanza mbele yetu, kama inavyotakiwa, ili kila mtu aone kwamba haina kitu. Akampa mzee. Mzee akampa jirani yake. Jirani akampa kijana, kijana akanipa mimi.

Nikainywa. Palepale kwenye ukingo ambapo midomo minne ilikuwa imetangulia, na mingine kumi ikisubiri. Sikupangusa. Sikutafuta upande mkavu. Ulezi ukanibaki juu ya mdomo, watu wakacheka, nikacheka, nikampa aliyefuata.

Saa moja baadaye nikaletewa chupa iliyofungwa kiwandani, iliyofunguliwa kwa ajili yangu peke yangu, iliyopanguswa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Nikaomba glasi.

Nilishuka kituo kilichopita changu.

Kama ni uchafu, mbona niliinywa kata? Kama ni heshima ya mwanamke, mbona sikuona aibu kuinamia kibuyu mbele ya wakwe za watu? Niliyazungusha maswali haya siku nyingi, na jibu nililolipata halinipendezi. Mbege niliiona ni mila. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani kutoka Moshi nilimuuliza rafiki yangu napokeaje, nashika kwa mkono upi, narudishaje. Mtu akienda Teso kule Uganda akakaribishwa ajon, pombe yao ya ulezi, watu wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, atauliza kwanza akae wapi. Akienda Njombe akapewa ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye mbeta, kipande cha muanzi, ataangalia wenzake wanaishikaje. Mimi pia niliuliza na kuangalia, mpaka ilipoletwa chupa ya kiwandani. Hapo nikaacha kuangalia.

Nilidhani bia haina mwenyewe. Bia ni ya dukani, ni ileile Kilimanjaro ninayokunywa Sinza, lebo ileile, nusu lita ileile, kwa hiyo nikadhani na taratibu zake nimetoka nazo Sinza kwenye mkoba. Wala sikutazama kushoto na kulia. Ningetazama ningeona kwamba hakuna glasi hata moja uwanjani pale. Si ya mama, si ya mashangazi, si ya padri aliyekuwa amepita kubariki. Watu zaidi ya ishirini wana chupa mikononi, na mwenye nyumba ananigeuzia lebo initazame.

Ile lebo nayo nimeifikiria sana. Alikuwa ananionyesha kwamba ameniletea ile niipendayo, kwamba aliuliza kwa bintiye mgeni anakunywa nini. Kulikuwa na kreti moja tu ya aina ile, wengine wote walikunywa Safari. Yote aliyokuwa nayo ya kunipa yalikuwa pale juu ya stuli. Na neno langu la kwanza baada ya ahsante lilikuwa kutaja kilichokosekana.

Bia moja, watu watatu

Mwisho nikampigia simu mama yangu. Nilitaka aniambie kwamba sikukosea, maana yeye ndiye aliyenifundisha.

Nikamsimulia yote, mtoto kukimbia, karatasi ya bei kitakoni, dazeni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Walikuwa na chupa ngapi pale?"

"Za kutosha mama. Makreti."

"Sasa bilauri uliitakia nini?"

Nilidhani hakunisikia. Nikamkumbusha: mwanamke hapigi tarumbeta.

Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Miaka ile baada ya vita vya Kagera, mimi sijazaliwa au ndiyo nazaliwa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa bahati. Bia nayo haionekani. Baba alikuwa na rafiki aliyekuwa na njia zake, na mara mojamoja mwisho wa mwezi alirudi na chupa mbili zimefungwa kwenye gazeti. Wageni walikuwa wanajua, sijui walijuaje. Wanakuja watano, sita. Mama anatoa bilauri zote za nyumba, hata vikombe, anagawa chupa mbili kwa watu sita, kila mtu vidole vitatu, anamimina polepole ili povu lijaze palipobaki na hakuna anayejiona amepunjwa.

"Bia moja watu watatu," akaniambia. "Mtu akipiga tarumbeta kawanyima wenzie. Ndiyo maana tukasema mwanamke hapigi tarumbeta, kwa sababu mwanamke ndiye anayegawa. Mgawaji akiweka mdomo kwenye chupa wengine watakunywa nini?"

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nikabaki nimeishika simu.

"Lakini kwenye ile sendofu, mama, kila mtu alikuwa na chupa yake."

"Mazoea, mwanangu," akasema. "Mazoea tu. Na nilitaka uonekane vizuri."

Nilikumbuka Bujumbura. Nilipelekwa kule kikazi miaka michache nyuma, wiki mbili. Bia yao ya Primus ni chupa ya sentilita 72, kubwa, unaishika kwa mkono mzima. Inakuja na glasi, na wenyeji wangu walinimiminia, nami nikajifunza kummiminia jirani yangu glasi yake ikipungua kabla sijajijazia yangu. Niliipenda sana ile desturi. Niliwasimulia watu niliporudi, nikasema Warundi wana ustaarabu wa glasi kama mimi. Sikuona kwamba glasi yao ilikuwa na kazi ileile ya vidole vitatu vya mama, ya kuifanya chupa moja iwe ya wengi. Mimi glasi yangu nilikuwa naijaza kutoka kwenye chupa yangu, nainywa mwenyewe.

Chupa ya mzee

Kuna jambo mzee alilisema siku ile nikalipokea kama mazungumzo ya kawaida. Alipokuwa ameipumzisha chupa gotini, wakati tunasubiri, aliitazama akasema baba yake alikuwa mtu mzima mwenye watoto alipoishika kama ile kwa mara ya kwanza. "Hii ilikuwa ya Wazungu," akasema. "Sisi tulikuwa na ya kwetu." Akaelekeza kidevu kwenye kata.

Kwa miaka mingi ya utawala wa Waingereza sheria zilimzuia Mwafrika kununua bia ya chupa; pombe za kienyeji aliachiwa, nazo kwa vibali na masharti. Kiwanda kilikuwepo Dar es Salaam tangu miaka ya 1930, na waliopakia na kushusha makreti yake walikuwa Waafrika. Babu zetu waliibeba bia mabegani kabla hawajaruhusiwa kuinywa.

Mwana wa mtu kama huyo, alipofika umri wa kuwa na nyumba yake na wageni wake, chupa kwake si kifungashio. Anaishika kwa shingo, anaiweka wazi watu waione. Anayependa glasi ana haki yake, lakini mbele ya mzee yule, kuimwaga bia kutoka kwenye chupa na kuisukuma chupa pembeni, kama nilivyofanya, kuna kitu kilimwagika ambacho sikukiona.

Pengine namsemea. Pengine mzee alikuwa na kiu tu na alikuwa anapitisha muda. Rafiki yangu anasema baba yake hajawahi kulitaja jambo lile tena. Lakini dakika kumi mwenye mji alikaa na bia mkononi bila kuinywa, kwa ajili yangu, na hilo halihitaji nimsemee.

Pasaka

Nimealikwa tena. Kuna kipaimara cha yule mjukuu aliyekimbia… hapana, nimekosea, yeye bado mdogo. Ni cha kaka yake.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kupeleka glasi. Niliziona dukani Kariakoo, seti nzuri, kwenye boksi. Nilikuwa nimeshaulizia bei nilipompigia rafiki yangu. Akanikatisha: "Usithubutu! Unataka mama alie? Ameshanunua, halafu wewe uje na nyingine, si utakuwa unamwambia zake hazifai?" Nikaliacha boksi. Nimenunua kitenge, sukari na majani ya chai.

Wazo la pili lilikuwa kunywa kwenye chupa kama wenzangu wote, nionyeshe kwamba nimeelewa. Nikaona nalo ni kosa lilelile limegeuzwa. Mtu ameshuka na kupanda kwa ajili ya dazeni ya glasi, amezifunga kwenye gazeti moja moja zisivunjike kwenye Hiace, amezipanga kabatini akisubiri siku yangu. Nifike nimwambie, la mama, mimi kwenye chupa inatosha?

Kumwomba radhi nako nimekufikiria, na rafiki yangu ananikataza. Mama hajui kwamba kuna kosa. Yeye anachojua ni kwamba mgeni alihitaji kitu hakukiona, na sasa kipo. Nikimwomba radhi nitamfundisha kuona aibu mahali ambapo yeye ameona furaha. Sina uhakika kama rafiki yangu yuko sahihi. Nina wasiwasi kwamba nanyamaza kwa sababu kunyamaza ni rahisi kwangu.

Kitu kimoja nimekiamua, nacho ni kidogo. Nikifika, bia ikiletwa na glasi ikiletwa, nitaomba glasi ya pili. Hii sitaiomba kwa ajili yangu. Nitammiminia mama kutoka kwenye chupa yangu, polepole, povu lijaze palipobaki, kama mama yangu alivyokuwa anafanya. Akikataa nitamwachia anywe atakavyo. Akikubali tutakuwa wawili kwenye chupa moja.

Jana jioni nilimpigia simu kumwambia nakuja. Laini ilikuwa inakatika, upepo unavuma upande wake, ng'ombe analia nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unakuja!"

"Nakuja mama, Ijumaa Kuu jioni nitakuwa nimefika."

"Karibu sana. Njoo tu," akasema. "Glasi zako zipo."

Nikamwambia ahsante mama. Nilitaka kuongeza neno, laini ikakatika.